Je, kishikwambi kwa kila mwanafunzi kitaziba pengo?

Swali: Ninaongoza shule ya msingi ya umma. Watu waliosoma hapa zamani wamechanga fedha za kutosha kununua kishikwambi kwa kila mtoto wa madarasa ya juu, ili wasiachwe nyuma na wenzao wa shule zenye uwezo. Baadhi ya walimu wangu wanasita. Je, hatua hii itapunguza tofauti ya elimu kati ya watoto wetu na hao wengine? Kama sivyo, fedha hizi tuzitumieje? Na hizi programu za akili mnemba, tuwaruhusu wanafunzi wazitumie?

Jibu: Mwalimu, nitatoa jibu kwanza, kisha nieleze sababu zake. Fedha hizo zinaweza kupunguza tofauti unayoisema, ila kumpa kila mtoto kifaa chake ni njia dhaifu ya kufanya hivyo. Ningekushauri mnunue vifaa vichache vya kutumiwa kwa zamu, sehemu kubwa ya fedha muiweke katika mafunzo ya walimu na matunzo ya vifaa, na mtenge katika ratiba saa ambayo kila mwanafunzi atajifunza kuanzia pale alipofikia yeye, hata kama muhtasari wa masomo unadhani amefika mbali zaidi. Saa hiyo ndiyo kiini cha jibu langu, na mengine yote nitakayoyasema yanaitumikia.

Wazo la kifaa kimoja kwa kila mtoto limekwisha kujaribiwa kwa kiwango ambacho shule moja haiwezi kukifikia. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, alitangaza mradi wa kutengeneza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi zinazoendelea. Bei hiyo haikufikiwa, lakini serikali kadhaa ziliitikia wito, na Peru ikawa mnunuzi mkubwa kuliko wote kwa kusambaza kompyuta zaidi ya 800,000. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walifuatilia shule 319 za msingi za vijijini nchini humo, baadhi zikiwa zimepata kompyuta na nyingine zikiwa bado. Katika shule zilizopata, kulikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi. Baada ya takribani miezi 15, matokeo ya hisabati na lugha katika makundi hayo mawili hayakutofautiana. Watoto walikuwa wamezizoea mashine, na vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri vilionyesha dalili fulani za faida, lakini kusoma na kuhesabu kulibaki palepale. Sababu zake zinaeleweka: karibu shule zote hazikuwa na intaneti, programu zilizowekwa hazikufungamana na mtaala, na mwalimu hakuonyeshwa kwa kina ni kitu gani hasa abadilishe katika kipindi chake.

Swali lako, hata hivyo, ni zito kuliko kuuliza kama watoto watafaulu zaidi, kwa sababu unauliza kuhusu tofauti. Kifaa kinaweza kuinua wastani wa shule na wakati huohuo kikapanua pengo lililomo ndani yake, kwani mtoto anayejua kusoma vizuri, ambaye nyumbani ana mtu wa kumwelekeza na mahali tulivu pa kukaa, atakitumia kujifunza, ilhali mwenzake asiyeelewa maandishi yaliyo kwenye skrini ataishia kwenye michezo na picha. Haya yameonekana hata katika mazingira yenye kila kitu. Mwaka 2015 watafiti John Hansen na Justin Reich walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi 68 za mtandaoni zilizotolewa bila malipo na vyuo vikuu vya Harvard na MIT, kozi ambazo wengi walitarajia zingewafungulia maskini milango ya elimu ya juu. Walikuta kwamba wanafunzi wake wa Marekani walitoka zaidi katika mitaa yenye uwezo kuliko mitaa ya wastani, na kwamba miongoni mwa vijana waliojiandikisha, wale ambao wazazi wao walikuwa na elimu kubwa ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza na kupata cheti. Kitu kilikuwa cha bure kwa wote, na bado kikamwongezea aliyekuwa nacho.

Mfano wa Uholanzi unauma zaidi. Wakati wa janga la Korona mwaka 2020, shule za nchi hiyo zilifungwa kwa wiki nane tu, katika nchi ambayo intaneti ya kasi imefika karibu kila nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba wanafunzi wa shule za msingi walijifunza kidogo mno wakiwa nyumbani, na kwamba hasara ya watoto wanaotoka katika familia zenye elimu ndogo ilizidi ya wengine kwa hadi asilimia 60. Ikiwa hali ilikuwa hivyo mahali ambapo kifaa na mtandao havikuwa tatizo, basi mpango wowote unaohamishia kazi ya kufundisha nyumbani kwa mwanafunzi unapaswa kutiliwa shaka kabla haujaanza. Mwaka huohuo wa 2020, UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yalikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wote duniani wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani takribani watoto bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Kwa hiyo ninapendekeza vifaa vyenu vilale shuleni na vitumike shuleni, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Sasa nije kwenye lile ambalo limefanya kazi. Huko Delhi, India, watafiti Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian walifuatilia vituo vya masomo vya baada ya saa za shule vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu, hivyo waliopata na waliokosa walikuwa wa aina moja. Programu hiyo ilianza kwa kumpima mtoto, ikampa maswali ya kiwango chake, na kila alipokosea ikatafuta aina ya kosa na kurekebisha kilichofuata. Kipimo hicho cha mwanzo kilifichua jambo ambalo nadhani wewe na walimu wako mnalijua bila kuambiwa: mwanafunzi wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma ya mtaala wa hisabati kwa takribani miaka miwili na nusu, na kadiri madarasa yalivyopanda ndivyo alivyozidi kuachwa. Mwalimu alifundisha kilichoandikwa katika muhtasari, mtoto akakaa kimya, na mwaka ukapita. Wale wanafunzi dhaifu zaidi waliokosa nafasi katika vituo karibu hawakupiga hatua yoyote katika kipindi chote cha utafiti.

Waliopata nafasi, baada ya miezi minne na nusu tu, waliwaacha wenzao mbali katika hisabati na pia katika Kihindi. Linalokuhusu wewe ni kwamba faida ilikuwa karibu sawa kwa kila mtoto, na kwa kuwa wale wa chini wasingepata chochote kwa njia ya kawaida, kwao ilikuwa kubwa mno. Hii ndiyo sura ya teknolojia inayopunguza tofauti. Ila kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa programu hupenda kuyaruka wanapousimulia utafiti huu. Kwanza, nusu ya muda wa kituo haikuwa ya kompyuta kabisa: mtoto alikaa dakika 45 kwenye programu na dakika 45 katika kikundi kidogo chenye msaidizi wa kibinadamu. Pili, katika mitihani ya hisabati ya shule zao, maendeleo hayo hayakuonekana. Hakuna ajabu, kwa maana mtihani wa darasa la nane haumpimi aliyetoka kiwango cha darasa la tatu akafika la tano. Waambie wafadhili wenu jambo hili mapema, kabla hawajaanza kuuliza mbona ufaulu haujapanda muhula wa kwanza.

Naongeza neno moja hapa ambalo litawafurahisha walimu wako wanaosita. Kanuni hiyohiyo ya kumfundisha mtoto kulingana na kiwango chake imefanya kazi bila kompyuta hata moja. Shirika la Pratham, la hukohuko India, limekuwa likiwapanga watoto kwa uwezo wao wa kusoma badala ya umri wao kwa saa moja au mbili kwa siku, likitumia kadi, hadithi fupi na vijiti vya kuhesabia, na tathmini kadhaa zimethibitisha kwamba watoto waliokuwa hawajui kusoma walijifunza. Ikiwa basi darasa lako lina wanafunzi wachache na walimu wenye nafasi ya kufanya hivyo kwa mikono, anzeni hivyo wiki ijayo. Thamani ya kishikwambi inaanza pale ambapo darasa lina watoto 60 wa viwango vitano tofauti na mwalimu ni mmoja: nusu ya darasa inafanya mazoezi kwenye vifaa, kila mmoja kwa kiwango chake, na mwalimu anapata kwa mara ya kwanza nafasi ya kukaa na watoto 30 waliobaki, kisha wanabadilishana. Mpangilio huu unahitaji vifaa vya nusu ya darasa moja, vikizunguka darasa hadi darasa kwa ratiba, na hapo ndipo fedha nyingi zinapookolewa.

Fedha hizo zilizookolewa ziende kwa walimu. Katika utafiti uliofanyika Kisumu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, timu iliyoongozwa na Benjamin Piper ililinganisha njia tatu: kuwapa vishikwambi washauri wanaozunguka kutazama walimu darasani, kuwapa vishikwambi walimu wenyewe, na kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Njia zote tatu ziliinua usomaji wa watoto, na hapakuwa na tofauti ya kuaminika kati ya njia moja na nyingine. Tofauti ilikuwa katika gharama, kwa kuwa kumpa kifaa mshauri mmoja anayehudumia shule nyingi ni nafuu kuliko kumpa kila mtoto cha kwake. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza nchini humo mwaka 2015, ulifuata njia hiyo: mshauri anaingia darasani, anasikiliza watoto wachache wakisoma, anaandika matokeo kwenye kishikwambi, kisha anakaa na mwalimu kuzungumza juu ya alichokiona. Wewe huna washauri wa wizara mfukoni, lakini unaweza kumpunguzia vipindi mwalimu mmoja hodari ili afanye kazi hiyo ndani ya shule yako. Kwa maoni yangu, ukilazimika kuchagua kati ya vishikwambi 20 zaidi na mwalimu mmoja wa namna hiyo, mchague mwalimu.

Kama upungufu wenu ni wa walimu wa somo fulani, kuna njia ya zamani ambayo watu huidharau kwa sababu haina mvuto wa kisasa, nayo ni kumleta mwalimu kwa matangazo. Meksiko ilianzisha mwaka 1968 shule za sekondari za vijijini ambazo masomo yake yalirushwa kwa televisheni, huku mwalimu mmoja aliyemo darasani akisimamia masomo yote, na mfumo huo ungali hai. China, kuanzia mwaka 2004, ilirusha kwa setilaiti masomo ya walimu bora wa mijini hadi shule za vijijini, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba waliosoma hivyo walinufaika hata katika kipato chao cha utu uzima. Uruguay hufundisha Kiingereza katika shule nyingi za msingi kwa mwalimu aliye kwenye skrini, mara nyingi akiwa nchi nyingine, huku mwalimu wa darasa akiendeleza mazoezi katika vipindi vinavyofuata. Katika mifano yote hii kuna mtu mzima darasani. Skrini iliyoachwa peke yake na watoto haimo.

Kabla ya kununua chochote, kagueni lugha ya programu. UNESCO inakadiria kwamba asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu katika lugha wanayoizungumza au kuielewa, na soko la programu za elimu linaongeza tatizo hilo, kwa kuwa nyingi huandikwa kwa lugha chache kubwa na kudhani kwamba darasa zima linazijua. Kwa wasomaji wa Kiswahili habari ni nzuri kidogo. Shindano la kimataifa la XPRIZE la programu za kujifunzia lilifanyia majaribio yake ya mwisho mkoani Tanga, Tanzania, katika vijiji takribani 170, likiwahusisha watoto wapatao 2,700 ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Programu zote tano zilizofika hatua hiyo zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi, na sharti la shindano lilikuwa programu za washindani wote watano ziachwe wazi ili yeyote azitumie na kuziboresha bila malipo. Zitazameni hizo kabla ya kumlipa mtu leseni ya kila mwaka.

Ukaguzi huohuo uwaangalie watoto wenye ulemavu, ambao katika orodha ya manufaa ya teknolojia ningewaweka juu kabisa. Kwa mtoto asiyeona, kifaa kinachomsomea maandishi kwa sauti kinamfungulia vitabu ambavyo vinginevyo asingevifikia. Kwa kiziwi, video ya lugha ya alama inayotumika katika nchi yake inafanya kazi ambayo hakuna kitabu kinachoweza. Hapa kifaa cha mtu mmoja kina haki ya kuwa cha mtu mmoja. Ikiwa shuleni kwako kuna watoto wa namna hiyo, wao wapate kwanza, na wapate vyao.

Kuhusu mitambo yenyewe nitakuwa mfupi. Intaneti ya kudumu si lazima. Kompyuta ndogo inayotumika kama seva, yenye programu ya bure kama Kolibri, inaweza kuhifadhi maelfu ya video na mazoezi na kuyagawa kwa vifaa vyote vilivyomo darasani bila bando, kisha ikaunganishwa na mtandao mara chache kwa ajili ya kusasishwa. Nunueni visikilizi, maana vishikwambi 30 vikizungumza kwa pamoja hakuna anayejifunza. Nunueni kabati la kuchajia lenye kufuli. Wekeni kando fedha za betri na skrini tangu siku ya kwanza, kwa sababu betri huchoka baada ya miaka michache hata kwa mtunzaji bora, na kifaa kisichowaka kitampata mtoto mnyonge kuliko wote wakati wa kugawana. Kwa sababu hiyohiyo zamu ziandikwe na zisimamiwe: pasipo zamu wavulana na watoto wachangamfu hukikalia kifaa, wasichana na wapole wakabaki watazamaji.

Kwa upande wa nyumbani, kifaa chenye nguvu zaidi huenda ni simu ya kawaida ambayo wazazi wanayo tayari. Nchini Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti waliwapigia familia simu mara moja kwa wiki kwa dakika 15 hadi 20, mpigaji akizungumza na mzazi na mtoto na kutatua nao maswali machache ya hesabu, pamoja na ujumbe mfupi wenye maswali hayo. Watoto hao walijifunza zaidi ya wenzao. Waliopata ujumbe mfupi peke yake hawakunufaika kwa kiasi cha kutegemewa. Majaribio kama hayo yalirudiwa katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na simu zikaleta faida tena. Kwa mtoto anayekosa shule kwa wiki kadhaa, simu ya namna hii inagharimu kidogo kuliko kishikwambi, nayo inambakiza mzazi ndani ya masomo ya mwanawe.

Nimalizie na akili mnemba. Katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, karibu wanafunzi 1,000 walifanya mazoezi ya hisabati, baadhi wakiwa na programu ya kawaida ya mazungumzo na baadhi wakiwa na programu iliyotengenezwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo bila kutoa jibu. Wenye programu ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48, lakini iliponyang'anywa na wakafanya mtihani peke yao, walianguka kwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwa nayo kabisa. Wale wa vidokezo hawakupata madhara hayo kwa kiasi cha kuonekana. Kwa watoto wa shule ya msingi, basi, programu ya mazungumzo iliyo wazi isiruhusiwe katika mazoezi ya darasani. Walimu ndio waanze nayo, kwa kuandaa maswali ya viwango mbalimbali ambayo kuyaandika kwa mkono kungechukua jioni nzima, na wayahakiki kabla ya kuyatumia, kwa kuwa programu hizi hukosea kwa ujasiri uleule zinaopatia.

Na kampuni yoyote itakayotaka majina, picha au sauti za watoto ieleze kwa maandishi zitahifadhiwa wapi, nani ataziona na lini zitafutwa. Mwaka 2022 Human Rights Watch ilichunguza bidhaa 163 za elimu ya kidijitali zilizopendekezwa na serikali wakati wa janga, ikakuta kwamba asilimia 89 zilishughulikia taarifa kwa namna iliyohatarisha haki za watoto, na nyingi zilikuwa za bure. Pale ambapo programu inaweza kutumika kwa namba badala ya jina, tumieni namba.

Kwa wafadhili wenu ningependekeza fedha zitolewe kwa awamu mbili. Kabla ya awamu ya kwanza, kila mwanafunzi wa madarasa hayo asikilizwe akisoma aya moja na kufanya hesabu chache za ngazi tofauti, kazi ambayo walimu wako wanaweza kuimaliza kwa siku chache, na majina yapangwe kwa viwango. Baada ya mwaka mmoja kipimo kirudiwe, nanyi mtazame kwanza robo ya watoto waliokuwa chini kabisa, kwa sababu wastani wa darasa unaweza kupanda bila wao kusogea. Kama robo hiyo imepanda, awamu ya pili ipanue mpango kwa madarasa mengine. Kama waliopanda ni wale wa juu peke yao, vifaa visiongezwe hata kimoja mpaka mjue kile kipindi cha viwango kinaendeshwaje hasa, na nani anakaa na watoto hao wa chini wakati wenzao wameshika skrini.